Mdhamini Anayebaki

Ghorofa alikuwa na dhambi moja tu kubwa, na kwa bahati yake mbaya dhambi hiyo ilikuwa na fomu yake.

Ghorofa si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na mafundi wenzake wa lifti, kwa sababu kila akitafutwa alikuwa juu. Miaka kumi na mmoja alipanda na kushuka majengo ya watu, hadi kampuni moja ya ng'ambo ikamwandikia barua: njoo, huku majengo ni marefu zaidi na mshahara pia. Akapiga magoti, akashukuru, akanunua sanduku. Kisha akaenda ofisi ya kodi kuaga, maana serikali ni kama mama mkwe, huondoki kwake kimyakimya.

Huko alipewa Tamko la Kuhama, kurasa tisa. Ukurasa wa sita uliuliza juu ya sarafu za mtandaoni. Unazo ngapi? Ulizinunua lini? Kwa fedha zilizotoka wapi? Maelezo yalisema kwa upole kwamba anayehamia nje huhesabiwa kama ameziuza zote siku anayoondoka, hata kama hajagusa hata moja, na faida hiyo hutozwa kodi kabla hajapewa cheti cha kuruhusiwa kuondoka. Ukurasa wa tisa ulitaka mdhamini anayebaki. Huyu asome tamko lote, aandike kwamba amesoma na kuelewa, atie saini. Barua zote za kodi zitakuja kwake kwa miaka mitatu. Ikigundulika kwamba msafiri amedanganya, mdhamini ndiye atakayeitwa kwanza.

Mdhamini wake angekuwa nani tena kama si Dada? Na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi.

Miaka mitano kabla ya hapo, Ghorofa alikwenda kwa Dada akiwa ameshika shavu. Alisema gego limeoza, daktari anataka kuling'oa na kuweka la bandia, na bei yake haisemeki mbele ya watoto. Dada alikuwa akiweka akiba ya kuezeka jiko. Akaitoa yote, mshahara wake wa miezi miwili, akamwambia jiko halina haraka. Ghorofa akazunguka siku mbili na pamba shavuni ili kulinda heshima ya hadithi. Fedha zikaenda kwenye simu, zikawa sarafu za mtandaoni.

Nia yake ilikuwa njema, kama nia zote za wakosaji. Zikipanda wiki mbili tu, angerudisha na faida juu. Zikashuka, akaona aibu kurudisha nusu. Zikapanda, akaona aibu kueleza zilikotoka. Zikapanda tena mpaka zikafikia mishahara yake ya karibu miaka miwili, na aibu ikapanda nazo bila kubaki nyuma hata hatua moja. Dada naye kila wakikutana humuuliza, "Jino linaendeleaje?"

"Linaendelea."

Kwa hiyo alipofika ukurasa wa sita hakuiogopa serikali. Kodi angelipa, akilalamika kama raia yeyote mwema. Alimwogopa msomaji. Dada alikuwa matroni wa bweni la wasichana mia mbili, na wasichana walimwita Eksirei. Aliweza kusimama mbele ya sanduku lililofungwa akasema, "Toa hiyo biskuti," na biskuti ikatoka. Mtu wa namna hiyo umpe karatasi yenye tarehe ya kununua na chanzo cha fedha? Ghorofa akaandika neno moja: Sina.

Jumapili akampelekea. Alimkuta stoo ya bweni akihesabu mablanketi.

"Leta," Dada alisema. Akafunua moja kwa moja mpaka ukurasa wa tisa, akaandika kwamba amesoma na kuelewa, akatia saini.

Ghorofa akabaki ameduwaa. "Husomi?"

"Nikusome wewe? Wewe nilikufundisha kushika penseli."

"Imeandikwa usome, Dada."

"Wiki nzima nasoma masanduku ya watoto wa watu, mdogo wangu. Niache leo nimwamini mtu mmoja." Akamtazama. "Mbona umeshika shavu? Limeanza tena?"

Alitoka pale na tamko lililosainiwa. Tafakari jambo hili, ewe msomaji uliyewahi kuficha kitu. Kama angejua Dada hasomi, angeandika ukweli wote, na leo angekuwa mtu safi. Alidanganya ili kumkwepa msomaji ambaye hakusoma. Akalipeleka tamko ofisini kesho yake, likapokelewa, likagongwa muhuri. Cheti angekichukua baada ya siku kumi.

Siku zile hakulala wala hakula vizuri. Aliyemmaliza kabisa ni Wakili, fundi mwenzake, ambaye hakusomea sheria ila alitoa hukumu kwa kila jambo. Ghorofa alikuwa amemwambia habari za sarafu, si za jino.

"Sarafu ziko hewani," Wakili alisema, wakijiandaa kuingia shimo la lifti. "Hewa haina nchi. Nani atazitoza kodi?"

"Fomu inasema zinafuata mtu, si hewa. Na aliyesaini ni dada yangu."

"Basi wewe una wasiwasi gani? Aliyesaini ni yeye."

Wakili alikusudia kumfariji. Lakini walikuwa wamesimama mbele ya swichi kuu, na mafundi wa lifti wana sheria moja isiyovunjwa hata na walevi: kila anayeingia shimoni huzima swichi, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe na kutembea na ufunguo. Hakuna anayeingia kwa kufuli la mwenzake, kwa sababu mwenzako anaweza kusahau, akafungua, akawasha, na wewe uko chini. Ghorofa alikuwa na kufuli lake mkononi. Akaona wazi kwamba Dada yuko chini ya shimo, bila kufuli lake, na ufunguo anao yeye Ghorofa, naye amekata tiketi.

"Leo siingii," alisema.

"Unaumwa?"

"Ndiyo."

"Nini?"

Ghorofa alikaribia kusema jino. Akaondoka.

Alimkuta Dada kwenye kibaraza cha bweni akishona kifungo cha sare ya mtoto asiyejua sindano. Alimwambia habari za sarafu: anazo, ni nyingi, ameandika hana. Za jino hakusema. Ujasiri wake ulikuwa wa kukodi na muda uliisha hapo.

Dada alikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo nimesaini uongo."

"Hukujua, Dada."

"Nimeandika nimesoma. Sikusoma. Huo uongo ni wangu." Akakunja sare. "Wako uko ukurasa wa sita. Kesho asubuhi tunakwenda kuurekebisha, na safari hii nitasoma."

Ghorofa akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa achimbe kaburi na achague saizi.

Ukumbi wa ofisi ya kodi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, ili mlipa kodi asiondoke na kimoja. Kwenye dirisha la tatu walipewa fomu ya marekebisho na kikaratasi cha namba ya foleni, bila mtu kushangaa hata kidogo. Ghorofa akaandika juu ya goti: idadi, thamani, tarehe. Kwenye chanzo cha fedha akaandika herufi ndogo kama sisimizi: mkopo wa ndugu. Kisha akampa Dada, akajifanya anasoma tangazo la ukutani kuhusu kuzima simu.

Dada alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole. Akasoma wa pili. Watu wanne waliitwa madirishani, yeye bado yuko ukurasa wa tano. Kwenye wa sita kidole kilisimama.

"Ndugu yupi?"

"Naam?"

"Mkopo wa ndugu. Ndugu yupi alikukopesha?"

"Wewe."

"Mimi sijakukopesha fedha za kununua sarafu." Kidole kikarudi kwenye tarehe. "Mwezi huo nilikupa za jino."

Mzee wa kiti cha tatu aliacha kukunja gazeti lake.

"Lilikuwa limeoza?"

"Lilikuwa zima, Dada."

"Na ile pamba?"

"Pamba ilikuwa pamba."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Ghorofa alingoja apigwe. Angelipa lolote apigwe. Dada akafunua ukurasa wa saba, akaendelea kusoma, wa saba, wa nane, kwa mwendo uleule, na hiyo ikawa mbaya kuliko kofi.

"Nitakurudishia leo hii," alinong'ona. "Zote, na za juu yake. Nauza baadhi hapa hapa nilipe kodi, na zako—"

"Za kodi lipa leo. Zangu usizilete leo."

"Kwa nini?"

"Ukinilipa leo, utadhani tumemaliza leo."

Namba yao iliitwa. Ofisa wa dirisha la tatu, kijana mwenye macho ya usingizi, alipokea karatasi, akahesabu kurasa, akamgeukia Dada.

"Mama, wewe ndiye mdhamini? Tamko limebadilika, kwa hiyo lazima nikuulize upya. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa kuliko nilivyotaka."

"Bado unakubali kumdhamini?"

Ghorofa aliangalia kaunta. Kulikuwa na kalamu imefungwa kwa kamba. Nyuma yao mzee wa gazeti alikuwa amesogea kiti kimoja mbele ili asikie vizuri.

"Kwa kodi, ndiyo," Dada alisema. "Kwa mengine bado nafikiria."

"Mengine hayamo kwenye fomu," ofisa alisema.

"Najua."

Akasaini. Ghorofa akauza theluthi ya sarafu kwenye simu akiwa amesimama palepale, na fedha zilipoingia benki akalipa. Akapewa risiti, akaambiwa cheti kitakuwa tayari Ijumaa. Wakatoka nje kwenye jua. Dada alitangulia, mkoba kwapani, hakugeuka kuangalia kama anafuatwa.

"Dada," Ghorofa alianza.

"Tembea."

Akatembea, hatua tatu nyuma yake, mpaka kwenye lango la bweni. Pale Dada alisimama, akafungua mkoba, akatoa kile kikaratasi cha namba ya foleni, akampa.

"Kakitupe. Tuanze na hicho," alisema, akaingia ndani kuhesabu wasichana wake.