Siku Tisini za Jiji

Mlinzi alimwambia avue viatu, na Badria akavivua. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa. Miezi minne na siku kumi haikuvuka kizingiti cha nyumba ya wifi yake huko Arlington, ila kwenda uani kuanika nguo. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Mlinzi, mwanamke wa makamo mwenye kucha za zambarau, aliliona tundu lile, akamsogezea kiti.

Nje, mbele ya jengo la jiji la Halden, polisi walikuwa wameegesha gari lao jipya. Lilikuwa la chuma tupu, refu kama nyumba, na lilisemekana haliingiwi na risasi. Watoto wa shule walikuwa kwenye foleni wakisubiri kupanda na kupigwa picha. Askari kijana aliwainua mmoja mmoja, akiwawekea kiganja kichwani wasijigonge mlangoni.

"Vaa viatu, twende," Rukaya alimwambia. "Tumeambiwa saa tatu."

Rukaya alikuwa huyo wifi, dada wa marehemu mume wa Badria. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka kumi na tisa katika nchi hii, na Kiingereza alikielewa kuliko alivyokisema.

Mume huyo, Mansour, alikufa Ijumaa, akiendesha gari kutoka msikitini. Taa ilikuwa ya kijani kwake. Gari la polisi lilikuwa likimfukuza mtu aliyeiba mashine ya kukatia nyasi, likapita kwenye taa nyekundu likamgonga ubavuni. Ripoti ya polisi ilisema king'ora kilikuwa kikilia, na kwamba dereva Mansour, aliyepaswa kusimama, hakusimama. Kwa hiyo kosa lilikuwa lake. Kampuni ya bima ilisoma ripoti hiyo, ikasema haina la kulipa.

Siku ile ile Rukaya alimhamishia Badria kwake. Akamvua bangili na pete, akamvisha nguo nyeupe, akafunika kioo cha chumbani kwa leso. Kila asubuhi alimletea uji wa pilipili manga kabla ya kwenda kazini. Wanaume waliokuja kutoa pole waliishia sebuleni. Na barua zote zilizokuja kwa jina la Badria, Rukaya alizitia ndani ya kopo la biskuti, hakuzifungua.

"Mwache mama yako apumue," alimwambia Tasnim, binti wa marehemu, siku mtoto alipotaka kulifungua. "Yeye ni kizuka, mjane aliye edani. Kizuka hasumbuliwi na karatasi za serikali. Zimekuja zenyewe, zitangoja zenyewe."

"Auntie, labda ni muhimu."

"La muhimu limeshazikwa."

Tasnim alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameacha masomo ya uuguzi akaingia ghalani Fort Worth kufungasha masanduku, zamu yenye urefu wa saa kumi. Hakuwa na nguvu ya kubishana na shangazi anayemwosha mama yake nywele.

Jumamosi eda ya miezi minne na siku kumi iliisha. Badria akaoga, akapakwa hina, akapewa kopo. Tasnim aliketi kwenye zulia na kuzifungua barua moja moja, huku jua la mchana likimpiga mgongoni. Moja ilitoka jijini. Ilisema mwenye malalamiko ayalete kwa maandishi ndani ya siku tisini tangu ajali. Tasnim alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akaiweka chini kifudifudi.

Bahasha nyingine haikuwa na jina la mtumaji. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa mkono: Kwa mke wake. Ndani mlikuwa na nakala tatu za ripoti za matengenezo kutoka gereji ya polisi, za gari lile lile lililomgonga Mansour. King'ora hakilii, ilisema nakala ya kwanza, ya wiki tano kabla ya ajali. Ya pili ilisema hivyo hivyo, na ya tatu pia, ya siku nne kabla. Chini ya kila moja palikuwa na jibu lile lile: kusubiri bajeti.

Badria alizishika karatasi zile muda mrefu. Kuna mtu, fundi pengine, mwenye mafuta mikononi, aliyejitia hatarini kwa ajili yake. Alizibusu, akaziweka kifuani.

Rukaya alimpigia simu sheikh. Akauliza, akasikiliza, akaitikia "naam" mara tatu. Alipokata simu hakumtazama mtu.

"Anasema kizuka anaruhusiwa kutoka mchana kufuata haki yake," alisema. "Anasema tungemuuliza."

Akachukua kanga kwenye kamba, akaikunja, akaikunjua, akaikunja upya.

Sasa walikuwa ghorofa ya nne, katika chumba chenye meza moja na sanduku la tishu. Mwanamume aliyeinuka kuwapokea, ofisa wa madai wa jiji, aliitwa Kimball. Alikuwa na mvi na sauti ya chini. Aliwamiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Pembeni alikaa mkalimani wa jiji, Wilondja, mtu wa Bukavu, koti lake likimpwaya mabegani.

Kimball alisema maneno mengi, akimtazama Badria machoni.

"Mama, anasema pole sana," Wilondja alitafsiri. "Anasema roho yake iko pamoja na weye."

"Mwambie ahsante. Mwambie sikuja kuomba pesa kwanza. Nataka waandike kwamba king'ora hakikulia. Waliandika mume wangu ana kosa, nami nataka wafute. Hayo mengine yatafuata."

Akazitoa nakala tatu kifuani. Zilikuwa na joto la mwili. Akazisukuma mezani.

Kimball aliinua mikono yote miwili, akaiweka mapajani.

"Anasema faili ilifungwa, mama. Sheria ya jiji inasema siku makumi tisa. Leo iko siku ya mia na makumi tatu."

"Nilikuwa edani."

Wilondja alitafuta neno, akakosa, akaeleza kwa mkono na kwa sentensi ndefu. Kimball alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa.

"Anasema anaheshimu dini yenu. Lakini anasema jiji lilikuja mpaka kwenye mulango. Siku ya makumi mbili na moja. Ni yeye mwenyewe alikuja."

Rukaya alikuwa ameshaelewa. Glasi aliyoishika ilibaki hewani.

"Nilimwambia hazungumzi kwa sasa," alisema kwa Kiswahili, bila kumwelekea mtu yeyote. "Nilimwambia aje baadaye. Mgeni haondoki mikono mitupu. Nikampa mahamri, nikamfungia kwenye karatasi ya foili."

Kimball alilitambua neno. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la kweli, akasema jambo.

"Anasema hile mikate ilikuwa tamu," Wilondja alisema, akiangalia meza. "Anasema alikula yote ndani ya gari. Kisha akaandika ndani ya faili kama familia haitaki kuzungumuza."

Rukaya akaweka glasi chini.

"Asome basi," Badria alisema. "Karatasi tatu tu. Asome, hata kama hataandika."

Wilondja alitafsiri. Kimball alijibu polepole, mikono bado iko mapajani.

"Hawezi, mama." Kisha Wilondja akainamisha kichwa, akaongeza kwa sauti ya kwake mwenyewe: "Akizigusa, lazima aziandikishe. Ndiyo maana hazigusi."

"Na wewe? Wewe umezisoma. Macho yako yamepita hapo."

"Miye niko mudomo tu hapa, mama. Niko na watoto watano."

Badria alizirudisha nakala kifuani. Alitaka kuinuka, lakini Kimball aliomba asubiri kidogo. Alifungua droo, akatoa bahasha. Alisema kwamba kwa kuwa mama ameshafika jengoni, ni vema aipokee hapa hapa, asisumbuke kwenda posta.

"Nini hii?"

"Ni gari yao, mama," alisema Wilondja. "Sababu ripoti inasema kosa ni ya mzee, jiji linaomba lilipwe gari. Alipe mzee ama mali aliacha."

"Na hili la kwao lina siku ngapi?"

Wilondja aliuliza.

"Miaka mbili," alisema.

Ndani mlikuwa na picha ya gari la polisi, mbele yake pamebonyea. Waliolipiga picha waliweka utepe wa kupimia kila penye mkwaruzo, na kila mkwaruzo ulipewa namba. Chini ya picha palikuwa na orodha. Wilondja aliisoma kwa kidole: bampa, taa ya kushoto, kioo, rangi. Kwenye namba ya tano kidole kilisimama.

"Soma," Rukaya alimwambia. "Mimi nimeshaiona. Msomee na yeye."

"King'ora," alisema Wilondja. "King'ora mupya na kazi ya kukiweka. Yote pamoja, dola elfu kumi na moja na mia ine."

Badria hakulia. Aliuliza kama kilikuwa kinalia kabla, na Wilondja akauliza, na Kimball akasema hayo si ya idara yake. Asiyekubaliana na deni ana siku kumi na nne za kujibu kwa maandishi, kuanzia siku aliyopokea. Kwa hiyo angeomba tu sahihi ya kupokea. Kupokea si kukubali, alisema, na alilirudia hilo kwa upole mpaka Wilondja alipolitafsiri mara mbili.

"Nisipotia?"

"Ataandika kama familia imekataa."

Rukaya alifumba macho.

Kalamu ilikuwa imefungwa mezani kwa mnyororo mfupi, na Badria alilazimika kuinama. Alijifunza kuandika katika shule ya msingi Malindi, herufi moja moja, na hakuwahi kuandika kwa haraka. Karatasi ilianza kuteleza juu ya meza ya kioo. Kimball akanyoosha mkono, akaishikilia pembeni kwa vidole viwili, akangoja, hakumharakisha. Alipomaliza, alisema jambo fupi.

"Anasema mwandiko yako iko muzuri," alisema Wilondja.

Kimball akagonga mhuri wa tarehe ya leo. Aliutazama kama wino umekolea, akagonga tena.