Wati Arobaini Kila Asubuhi

Nimefanya kazi kwenye karakana nyingi kuliko miaka niliyosoma, na kote niliondoka kabla sijafukuzwa. Hii ya kuchomelea plastiki kwa leza ndiyo niliyotaka inizeeshe. Aliniingiza shemeji yangu, mume wa dada, msimamizi wa zamu. Nilimwambia miguu imechoka, sihami tena.

Tulitengeneza vikopo vya mafuta ya breki: chini cheusi, juu kifuniko cheupe. Mwale unapenya kifuniko, unagota kwenye cheusi, na hapo joto linazaliwa, plastiki mbili zinashikana. Ila kifuniko nacho hula mwanga. Kwa hiyo kila asubuhi niliweka kipande cha kifuniko juu ya kipimio, nikapiga mwale, nikasoma kinachobaki. Kikifika wati arobaini, naandika na kutia saini. Kikipungua, mashine inasimama mpaka lenzi ishughulikiwe.

"Shem, kipande chako kimeungua, kinatia aibu kama kofia yako," shemeji aliniambia mwezi uliopita. "Nimekukatia kipya."

"Leo umeamka na huruma?"

"Dada yako kanitisha."

Tukacheka. Siku zilizofuata nikasoma wati arobaini na mbili, arobaini na moja, arobaini. Kamera ya joto, ile inayokagua kama plastiki zimeshikana, alikuwa ameipeleka matengenezo. Sikujiuliza.

Jumatatu vikopo mia sita vikarudishwa, vinavuja. Meneja, mama asiyepoteza maneno, akafungua daftari.

"Saini hizi za nani?"

"Zangu."

"Mzee wetu macho yameanza kumtupa mkono," shemeji akadakia, kwa sauti ya kunionea huruma. "Nilisita kusema, ni ndugu."

Nikapewa mpaka kesho nijieleze, la sivyo nifungashe.

Nikarudi kwenye mashine, nikakishika kile kipande. Kilipinda vidoleni. Nikakipima: milimita moja. Kifuniko halisi ni mbili, nacho hula mwanga zaidi. Kilikuwa kimesuguliwa kwa msasa, kikang'arishwa kama kioo. Nikakata kingine kwenye kifuniko chenyewe, nikapiga mwale. Wati ishirini na nane. Lenzi ilikuwa imechoka kitambo, na shemeji hakutaka laini isimame wakati anakitolea macho cheo cha juu.

Nilimpigia dada, nikamweleza. Nilidhani atalia.

"Najua, kaka. Aliniambia."

"Ulijua?"

"Wewe huna mke, huna mtoto. Mwakani ungeondoka tu, si ndiyo kawaida yako? Yeye akifukuzwa, sisi tutakwenda wapi?"

Nikakata simu. Ya kipande ningeyameza. Lakini dada yangu wa tumbo moja kunihesabu kama mtu ambaye ameshaondoka, hilo halikumezeka.

Asubuhi nikaweka vipande vyote viwili mezani kwa meneja, na kipimo cha unene pembeni. Akapima mwenyewe, mara mbili.

"Nani alikata hiki?"

Shemeji, naye alikuwa ameitwa, akaniinamia. "Shem, hiyo ni nyumba ya dada yako."

"Ni huyu hapa," nikasema.

Akaambiwa arudishe funguo. Alitoka bila kufunga mlango.

Mimi nikapewa barua ya onyo, nikabaki na kazi. Meneja akaniuliza kwa nini mwezi mzima sikukipima kipande chenyewe.

"Nilipewa na ndugu," nikamwambia.

Akasema hilo si jibu la mpimaji.