Pole ya Pili

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikuwa anakwenda dukani kwake kwa miguu, furushi la mapazia begani, na pini mbili alizosahau kuzitoa zimebanwa midomoni. Alipofika kona ya kiwanda cha magodoro, kibao cha barabarani kikamwambia, "Pole, dada."

"Ahsante, nimeshapoa," akajibu kwa mazoea, pini zikiwa bado mdomoni, akapita zake. Alikuwa anageuza ufunguo kwenye kufuli la duka ndipo alipokumbuka ni nani aliyempa pole, pini zikamdondoka.

Kibao kile kilianza kusema tangu kilipovunjika. Zamani kilikuwa mbao mbili zilizopigiliwa kwenye nguzo moja, huku POLE, na kule POLE, kuwakumbusha wenye magari na wenye baiskeli kwamba kona ni kali na ukuta wa kiwanda unamficha anayekuja. Siku moja gari likaigonga nguzo, ubao mmoja ukadondoka, na jua lilipozama ubao huo ulikuwa umeshachukuliwa. Ukabaki mmoja. Na pole ikibaki peke yake haionyi tena mtu, inamfariji. Basi kibao kikashika kazi iliyobaki.

Kilikuwa na sauti ya muuguzi anayevuta pazia la wodi. Katika mambo ya udugu hakikukosea hata mara moja. Hakikumwita mtu mama kwa heshima wala mjomba kwa utani. Kikisema "pole, mama," ni mtoto wake, na kabla siku haijaisha atakuwa amelala pale pale kwenye kona. Mke wa kinyozi kilimwita mjane, naye akaenda moja kwa moja kukodi viti vya waombolezaji. Viti vilikuwa bado vinashushwa habari ilipofika. Mkodisha viti mwenyewe alihamia pale kona na mkokoteni wake. Alisema riziki haifukuzwi. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu viti vyake vilikuwa imara na aliviosha.

Fundi hakuwa na dada wala wazazi. Alikuwa na ndugu wawili wa kiume, mmoja kamtangulia kuzaliwa na mwingine kamfuata, na wote watatu waliishi katika nyumba aliyowaachia mama yao. Wote wawili walimwita dada, mkubwa kwa mapenzi na mdogo kwa adabu. Kibao hakikusema ni yupi.

Mkubwa aliendesha gari la mikate. Mdogo alisambaza mayai kwa baiskeli. Kila jioni, magharibi ilipokuwa inaingia, mmoja alikuwa akirudi kutoka mjini na mwingine akielekea huko, na kila usiku walimaliza chakula wakigombana. Mkubwa alisema waendesha baiskeli ni kumbikumbi, wanajitokeza hawana taa, upande usio wao, halafu mtu anaulizwa alikuwa anatazama wapi. Mdogo alisema wenye magari wanaikata kona kama wanakata keki, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye simu. Fundi aliwasikiliza huku akikusanya sahani. Wote walikuwa wanasema kweli, ndiyo maana ugomvi haukuisha.

Siku hiyo hakushona. Alifunga duka akaenda kwenye tanuri la mikate. Alimkuta kaka yake anapanga kreti nyuma ya gari, anapiga mluzi. Akamweleza alichoambiwa. Mluzi ukakatika, lakini kreti haikusimama.

"Gari langu lina taa mbele na nyuma, dada," alisema. "Mwambie mdogo wako naye aweke japo moja."

"Nakuomba wewe upunguze mwendo."

"Nikipunguza mimi, atapunguza nani mwingine? Nyuma yangu wanapiga honi. Ajali haina kinga, mdogo wangu. Yeye ndiye aangalie."

Kaka yake alipofunga mlango wa nyuma, fundi aliinama akaona bampa imebonyea, na ndani ya mbonyeo pamebaki rangi nyeupe ya nguzo. Alikuwa ameliona gari hilo kila siku tangu nguzo ilipogongwa. Hakuwa amewahi kuinama.

Akaenda ghala la mayai.

Mdogo wake alikuwa anafunga trei kwenye keria kwa mpira wa tairi la zamani. Alimsikiliza kwa heshima, akamletea debe akalie, kisha akasema yale yale kwa upande wa pili: bwana mkubwa ndiye mwenye chuma, yeye ana mifupa tu, sasa nani amwogope mwenzake? Taa ilikuwapo, betri imekufa. Kuhusu kupita upande usio wake, huko ndiko kusiko na mashimo, na yai halijui sheria za barabarani.

Akainua trei ya chini aikaze vizuri. Chini yake palikuwa na ubao mpana, mzuri, uliopigiliwa juu ya keria kwa misumari minne, na juu ya ubao, kichwa chini miguu juu, pameandikwa POLE.

"Umeutoa wapi?"

"Niliuokota. Ulikuwa chini."

"Nani aliuangusha?"

Kijana akatazama mayai yake. "Kamuulize kaka," alisema. Fundi akaelewa kwamba wamekuwa wakijua muda wote, mmoja habari za mwenzake, na kwamba hilo ndilo jambo pekee ambalo ndugu zake waliwahi kukubaliana.

Akamwomba ubao. Mdogo akasema bila ubao trei zinacheza na mayai yanapasuka. Na tena, aliyeangusha ndiye asimamishe. Fundi alijua akirudi kwenye tanuri ataambiwa aliyeokota ndiye arudishe. Kinga ipo, alifikiri, imelaliwa na mayai.

Jua lilipoanza kushuka alikwenda kusimama kwenye kona. Mkodisha viti alikuwa ameshavipanga vya kutosha familia moja ndogo. Alikuwa amekisikia kibao asubuhi. Alimsogezea kimoja, akakipangusa kwa kofia yake.

"Kaa, fundi. Kusimama hakubadilishi kitu."

Hakukaa. Kwa huku alimwona mdogo wake anakuja, mwembamba, mweusi dhidi ya mwanga, bila taa, upande usio wake, kajibana na ukuta. Kwa huko hakuona kitu, ila alisikia injini aliyoijua, ile inayokoroma ikibadilisha gia. Haikupungua. Kati yao ulikuwapo ukuta wa kiwanda, na kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake jukumu la kuwa mwangalifu.

Juu ya kichwa chake kibao kikavuta pumzi.

"Pole," kikasema.

"Pole!" akaongeza fundi, kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Neno likatimia. Lilizunguka ukuta kwa pande zote mbili. Gari likapiga breki likaserereka upande, kreti zikafunguka, mikate ikamwagika hadi mtaroni. Baiskeli ikakatiza kurudi upande wake, ikaegemea nguzo, na mayai yakashuka moja moja, kisha yote. Ubao haukutikisika.

Ndugu zake wakashuka, wakajipapasa, wakatazamana. Walikuwa hai wote wawili. Wakaanza kugombana papo hapo, ute wa mayai viatuni, kila mmoja akimwonyesha fundi alipokuwa mwenzake.

Mkodisha viti alivikunja kimoja kimoja.

"Pole," fundi akamwambia.

"Nimeshapoa," akajibu yule bwana kiungwana. Kiti cha mwisho alimwachia.

Mpaka leo ubao uko chini ya trei za mayai, na bampa haijanyooshwa. Mkubwa anamsubiri mdogo, mdogo anamsubiri mkubwa, na wapita njia wengine wanawasubiri wote wawili. Ofisi ya barabara ilimletea fundi koti la kung'aa, ikamshukuru kwa uzalendo. Kila jioni hukaa pale na kazi za mkono, mapindo na vifungo. Kibao kikianza neno, yeye hulimalizia. Wenye magari wamemzoea, wanapunguza wakimwona na kukanyaga mafuta wakishampita. Wenye baiskeli humwamkia kutoka upande usio wao.

Jioni moja alibaki nyumbani na homa. Kesho yake alisikia kwamba mwalimu wa hesabu hayupo tena, na viti vyote vimekodiwa.

Akainuka na homa yake akaenda kwenye kona. Barabara ilikuwa imeshaoshwa. Alikuwa anatafuta tundu la sindano kwa mwanga uliobaki kibao kiliposema, taratibu, kama kwa mgonjwa:

"Pole, dada."

Akanyanyua macho akatazama huku, akatazama huko. Hakuna aliyekuwa anaonekana bado.

"Sijapoa," akajibu.