Malimbuko ya Anicet

Mahindi ya Anicet yalikuwa yamempita kimo, na kila aliyepita kwenye uzio wake, hapo mtaani Macquarie Fields, ughaibuni, alisimama kuyasifia. Naye kwa kupenda sifa akasimama kanisani, akatangaza kwamba Jumapili atatoa malimbuko, na waumini wote watakula mahindi ya kuchoma kwake. Nani alimtuma? Hakuwa amemenya hata hindi moja. Kwa mama yake, huko Burundi, ilikuwa mwiko kumenya kabla Mungu hajapewa lake.

Jumapili baada ya ibada aliingia shambani na kikapu. Hindi la kwanza maganda yalikuwa yamefunga vizuri, lakini ndani akakuta gunzi tupu. La pili vivyo hivyo, na la bua la pembeni, na kila aliloendelea kumenya. Joto la Januari lilikuwa limeunguza maua kabla punje hazijashika.

"Baba Iteka, wageni wamefika!" mkewe aliita. "Wamekuja na kwaya!"

Geti lilikuwa moja tu, na kwaya ilikuwa imelijaza. Anicet akachuchumaa katikati ya mabua, akaanza kurudishia maganda upesi upesi, gunzi baada ya gunzi, huku akimsikia pasta anamwomba Mungu ambariki mkulima huyu, na mwakani amzidishie kama alivyomjalia mwaka huu.