Mdogo Ndiye Huanza

Kiti kilimzidi kimo mtoto yule wa kike, miguu ikawa inaning'inia. Darasani walishambandika jina: Bubu. Mwalimu wake, kijana bado, alitaka ahamishiwe shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili, nje ya mji. Ilibaki saini ya mpimaji wa akili za watoto tu.

Mpimaji, mama wa makamo, alimwonyesha picha.

"Hiki nini, mwanangu?"

Mtoto akakitazama kikombe, kisha mlango. Ikaja picha ya jogoo, ikaja ya kiatu. Macho mlangoni.

"Si nilikwambia?" mwalimu alisema. "Gogo hili! Tangu wahamie hapa hajanifumbulia mdomo."

"Kiswahili anakisikia?"

"Ukimtuma chaki analeta."

Mpimaji akaweka kalamu chini. Akamwita bibi ya mtoto, aliyekuwa kwenye benchi nje na mjukuu wake mdogo mgongoni.

"Bibi, huyu nyumbani anaongea?"

"Kunyamaza ndiko kunakomshinda! Kwenye vitendawili hana mpinzani."

"Mbona mimi hanijibu?"

"Umemuuliza na nani?"

"Peke yake."

Bibi akaguna. "Kwetu mdogo ndiye huanza, mwanangu. Mkubwa akimtangulia, kamdhulumu."

Mlangoni, kumbe, mtoto alikuwa akimngoja mdogo wake.

Mpimaji akampakata yule mdogo, akainua tena picha ya kwanza.

"Maji!" mdogo akapayuka.

"Kikombe," dada akasema taratibu.

Jogoo akamtaja. Kiatu akakitaja. Hesabu alizifanya kwa lugha ya kwao, bibi akitafsiri. Nyingine alipata, nyingine alikosa kama watoto wote.

"Hahami," mpimaji alisema. "Nitampima upya na mtu anayejua lugha yao."

"Na mimi darasani nimbebe huyu mdogo?"

"Muulize kwanza jirani yake aliye mdogo kwake. Akikosa, mgeukie yeye."

Mwalimu akacheka kwa pua. Mtoto akamgeukia mpimaji.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Juani naandamana naye, nikiingia ndani haingii."

Mpimaji alikwisha kulijua jibu. Akalimeza.

"Mwalimu, kati yetu wawili mdogo ni wewe. Anza."

Mwalimu akatazama dari, akatazama dirisha, akajikuna shingo.

Mtoto akamngoja, miguu ikibembea.