Upindo wa Mwani

Kibuyuni nzima ilikuwa imeshajua kabla Mwanafatuma mwenyewe hajajua. Kitambaa cha sare ya arusi ya Hafswa kimegawiwa kule Msambweni, kila mwanamke wa ukoo amepata mita tano za kushona dira kamili, gauni pana la kufika miguuni, na yeye, shangazi wa bibi arusi, dada wa tumbo moja na babake Hafswa, amekatiwa mita mbili. Mita mbili za zambarau, zimekunjwa ndani ya gazeti na kuletwa na mtu wa bodaboda ambaye hata chai hakuingoja.

"Hiki ni kitambaa cha mto," alisema Kache, jirani yake, akikiinua kwa ncha za vidole. "Twaiba amekuletea foronya, shoga."

Twaiba ni ndugu wa mamake Hafswa, mwenye duka la nguo Ukunda, na ndiye aliyejitwika mambo yote ya sare. Maneno yake yalikuwa yametangulia kitambaa. Eti Mwanafatuma ni mtu wa kulima mwani, kutwa yumo majini na leso zilizopauka, dira atalipeleka wapi? Akae jikoni na wapishi, duara la chakacha ataliongoza yeye Twaiba.

Hapo ndipo palipouma. Katika ukoo wao, siku ya ngoma ya wanawake, anayetangulia mbele ni shangazi wa bibi arusi, upande wa baba. Haombwi wala hachaguliwi. Lakini asiyevaa sare haingii duarani, hata awe nani, na Twaiba alilijua hilo alipokuwa ameshika mkasi.

"Nitashona sketi," Mwanafatuma akasema. "Dira halitoki hapa, lakini sketi yatoka. Juu nitavaa blauzi yangu nyeupe ya Idi."

"Sketi tupu? Utaonekana mwanafunzi."

"Tutaipamba."

Ilikuwa wiki ya maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, mashamba ya mwani hayafikiki, na wanawake wote wamo majumbani wanatafuta pa kupeleka miguu. Kufika saa nne asubuhi ukumbi wa Mwanafatuma ulikuwa na wanawake saba, birika mbili za chai na sinia la mahamri, na kila mmoja amekuja na habari yake ya Twaiba. Mumewe, Abdulkadir, akachungulia mlangoni, akahesabu viatu, akasema atakula msikitini.

Mwanafatuma akafanya kazi katikati ya maneno yao. Akakikunja kitambaa, akajipima kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, akaongeza vidole vinne vya kupitishia lastiki na vitatu vya upindo, akachora kwa kipande cha sabuni. Akakata vipande viwili, akaviunga ubavuni kwa cherehani la mkono alilorithi kwa mamake, huku Kache akivuta kitambaa upande wa pili kisijikunje. Adhana ya adhuhuri iliwakuta lastiki imeshapita. Sketi ikasimama: nyepesi, imekaa sawa, na haina la kusema.

"Itie lesi nyeupe chini," mmoja akasema.

"Lesi ni ya kitanda cha mtoto."

"Ushanga, basi. Mbele, kama mkufu."

"Ushanga ukikatika katikati ya ngoma watu watateleza. Twataka arusi au hospitali?"

"Nyinyi mwazunguka tu," akasema Kache. "Chakacha ni kiuno. Watu watatazama wapi? Weka vitu pale wanapotazama."

Wote wakaona hilo ndilo neno. Mwanafatuma akafungua kasha, akatoa gauni la Idi la bintiye lililokuwa limembana miaka mingi, akabandua vimetameta vya fedha vilivyolipamba, kimoja kimoja, akavishona upya kuzunguka makalio ya sketi. Siku mbili nzima. Vidole vikatobolewa, macho yakatoka machozi, na wale saba wakahudhuria kila asubuhi kusimamia kazi ambayo hakuna aliyeigusa.

Alhamisi asubuhi akaivaa. Akageuka, kiuno kikawaka kama dagaa kwenye jua. Wakashangilia, vigelegele vikaenda mpaka ufukweni.

"Ngoja tuione na mwendo wake," akasema Kache. Akachukua leso, akaikunja nyembamba, akamfunga kibwebwe makalioni na kukikaza barabara, vile kila mwanamke wa pwani anavyojifunga kabla ya kuingia ngomani.

Kibwebwe kilikuwa kimevifunika vyote. Hakuna kimetameta hata kimoja kilichosalia nje.

Mwanafatuma akajitazama, akamtazama Kache.

"Wanawake wanane," akasema polepole. "Tumecheza chakacha tangu meno hayajatung'oka. Na hakuna aliyekumbuka kibwebwe."

Aliyeanza kucheka ni Kache, na alipoanza hakuna aliyeweza kujizuia. Mmoja alilazimika kutoka nje akashike ukuta. Mwanafatuma naye alicheka, lakini kicheko kilipokwisha aliketi mkekani na kuanza kufumua, na hapo kila mtu akaona uso wake. Kesho kutwa ni Jumamosi. Akienda na sketi tupu, Twaiba atasema hii si sare, hii ni mabaki ya sare, na atakuwa amepata njia ya kumpitishia jikoni.

"Kiunoni hapana," akasema, kama anajisemea. "Mbele hapana, duarani hakuna anayeona mbele yako ila ukuta. Imebaki chini."

"Chini kufanye nini?" akauliza Kache.

Mikono ya Mwanafatuma ilikuwa imeokota kamba nyembamba ya katani na vipande vya zambarau vilivyobaki, na bila ya yeye kuiambia, ilikuwa inafanya kazi yake ya kila bamvua, maji yanapokupwa sana: kitanzi, pitisha, kaza, kitanzi, pitisha, kaza. Fundo la kufungia miche ya mwani kambani, lile linalokaza ukivuta upande huu na kufunguka ukivuta upande ule. Alipotanabahi, mbele yake palikuwa na kamba ya urefu wa mkono mmoja, na vitambaa vinaning'inia kama miche iliyoanza kuchanua. Akaiinua, akaitikisa. Vitambaa vikapepea vyote pamoja, vikarudi vyote pamoja.

"Kache," akasema, "nitazamie."

Kache aliitazama, kisha akaondoka pasi na kuaga. Aliporudi alikuwa na mabaki ya nguo amejaza ungo: kijani cha pazia, kahawia ya kanzu ya mumewe, manjano ya sijui nini. Wengine hawakungoja kutumwa. Kila mmoja akaenda kwake na kurudi na chake, wakavichana vyembamba, wakagawana kamba. Hao walikuwa wanawake wanaofunga miche elfu kabla maji hayajarudi, kufundishwa hawakuhitaji. Mdomo wasema huku, mkono wafunga kule. Kabla ya alasiri walikuwa wamemaliza kamba tatu ndefu, kijani, kahawia na manjano, na Mwanafatuma akazishona safu tatu juu ya upindo, kila moja ikiifunika kidogo mwenzake.

Jumamosi Mwanafatuma na wenzake walikuta ua wa kwao Hafswa, kule Msambweni, umezungushiwa turubai, udi unafuka, na Twaiba amesimama mlangoni na dira lake la zambarau lenye mkia.

"Ahlan, wifi," Twaiba akasema, akimpima kutoka juu kwenda chini. "Karibu. Lakini sare ni dira. Jikoni waomba mtu wa kukuna nazi."

"Sare ni kitambaa, wifi. Na hiki ulinikatia wewe."

Wanawake walioketi karibu wakaguna. Twaiba akafungua kinywa, lakini mpiga ngoma, mama mmoja mnene aliyekuwa akiipasha ngoma yake motoni pale kando, akamtangulia.

"Mwacheni atembee," akasema. "Nataka kuuona huo upindo."

Mwanafatuma akafunga kibwebwe, akapiga hatua mbili. Akazungusha kiuno kidogo, kama mtu anayesalimia tu. Kiuno kikaenda kushoto, na safu tatu za mafundo zikaenda nacho. Kikarudi, nazo zikarudi zikiwa zimechelewa kidogo, kijani, kisha kahawia, kisha manjano, vile mwani unavyolala na kuinuka mawimbi yakipita. Kila mtetemo mdogo wa kiuno ulikuwa unasomwa chini, mara tatu.

Mpiga ngoma akaikalia ngoma yake, akautafuta mwendo wa ule upindo, akaupata, akaupiga.

Ngoma ikishalia kwa miguu ya mtu, hakuna wa kumtoa mbele. Wanawake wakainuka mikekani, mmoja baada ya mwingine, wakaunga nyuma yake. Kache na wale wa Kibuyuni wakajipenyeza wakiwa na madira ya sare waliyoazima kwa wazee wasiocheza. Twaiba akabaki mlangoni raundi nzima, akitazama duara likimpita, kisha akaushika mkia wa dira lake mkononi, akaingia nyuma kabisa.

Raundi ya pili Hafswa, aliyeketi ndani amefunikwa mtandio, akaomba dirisha lifunguliwe lote. Mwanafatuma alipolifikia akasimama hapo, miguu imetulia, kiuno hakijatulia, akampigia mtoto wa nduguye kigelegele kirefu.

"Shikamoo, shangazi," Hafswa akasema, anacheka na kulia.

"Marahaba, mwanangu. Nitazame vizuri, nimekuja."

Akachomoa kikuba, kishada cha asmini, kifuani mwake, akamrushia dirishani, akashika njia ya raundi ya tatu, na wanawake hamsini nyuma yake.