Saba Anapanda

Tangu alfajiri Josephati hakutulia. Alikagua matairi mara tatu, akahamisha kiti mara nne, na sasa alikuwa amekaa kulielekea bonde la kreta, goti likimchezacheza. Miaka ishirini na sita alikuwa ameshusha wageni kwenye kreta ile kwa gari namba saba, na alikuwa ameahidi kushusha wengine wanne Jumatatu ijayo. Mkewe, Evarista, hakutaka hata kusikia. Alishamwona akimimina chai nje ya kikombe. Josephati alisema kikombe ndicho kilichokaa vibaya, na habari ya kwenda kupima macho aliikataa katakata.

Binti yao, Felista, hakujua amwamini nani. Alitaka kumwamini baba. Ndiyo maana alishikilia waje wote kulala hemani huku ukingoni mwa Ngorongoro, ajionee mwenyewe, redio yake ikiwa kisingizio. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ya wale wanaoongea hewani kwa kupenda tu, lakini wiki mbili zilipita hajampata mtu hata mmoja. Kibali chao kilikuwa kinaisha saa tano, lango halina undugu na mtu, na sasa ilikuwa saa tatu na nusu bado anagombana na waya wa antena.

"Ukungu wa leo una kiburi," baba alisema.

"Utaondoka tu, Baba," alijibu bila kuinua kichwa. Waya ulikuwa umejisokota tena.

"Na ukimpata mtu, usitangaze usichokiona. Ukisema masharubu yuko mtoni na hayupo, mwenzako anachoma mafuta bure. Kesho hakuna dereva atakayekujibu." Masharubu kwa madereva ni simba. "Na ukimaliza kazi, unataja namba ya gari lako, unasema unapanda. Ukishapanda, hakuna anayekuuliza kitu."

"Baba, hii si redio ya magari."

"Redio ni redio."

Saa nne kasoro, sauti ikatoka kwenye mkwaruzo. Ilikuwa ya Wilson, wa Mwanza, akimsikia vizuri kabisa. Felista nusura adondoshe maiki kwa furaha. Akajitambulisha, akakosea herufi za leseni yake, akarudia, kisha akajigamba kwamba yuko na baba yake, dereva anayeijua kreta kuliko jikoni kwake.

"Mpe maiki!" Wilson alisema. "Mzee, tuazime macho. Huko kukoje asubuhi hii?"

Mkono wa Josephati ulipita kando ya maiki, ukarudi, ukaipata. "Salama, Mwanza. Hapa ukungu umeshika. Hata ukingo wenyewe siuoni. Ovaa."

Ndipo Felista alipoinua kichwa. Jua lilikuwa kali. Kreta ilikuwa wazi mpaka chini, ziwa linang'aa, magari matatu yakitimua vumbi kuelekea msitu wa Lerai. Alimgeukia mama. Evarista alikuwa amesimama na sufuria mkononi, macho yamemjaa machozi.

"Naandika daftarini ukungu mzito," alisema Wilson. "Ni sawa, dada?"

Felista angeweza kuitikia tu, wakafunga hema wakaenda zao. Lakini aliijua ile barabara ya kushukia, upande mmoja ukuta na upande mwingine hakuna kitu. Alichukua maiki, akijichukia.

"Sahihisha, Wilson. Hakuna ukungu. Kreta iko wazi mpaka chini. Ovaa."

Josephati hakufoka. Afadhali angefoka.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Sijui, Baba. Nilikuwa na huu waya."

"Tangu saa moja na nusu, Baba Felista," alisema Evarista taratibu.

"Saa moja na nusu."

Goti likaacha kucheza. Alinyoosha mkono akauacha hapohapo, safari hii bila kupapasa, mpaka Felista alipomwekea maiki kiganjani. Akabonyeza kitufe kwa dole gumba, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kazini.

"Saba anapanda."

Wilson hakujua lugha ya madereva. "Sijakupata, Mzee. Rudia, tafadhali."

Josephati akarudia, polepole zaidi.